Mawimbi Kwenye Kalamu ya Mzee Athumani

Aibu hii nimeificha miaka minne, lakini kwa kuwa Ami Shee, ndugu wa babangu, ameanza kuisimulia kwenye kila harusi na kuitia chumvi, bora niiseme mwenyewe ilivyokuwa, mcheke mara moja tuyamalize.

Mimi nina ugonjwa wa kalamu za wino za zamani, zile zenye mwili wa fedha uliochorwa nakshi. Wenzangu hufuga njiwa, mimi nazunguka kwa wauza vitu vikuukuu hapa Kisauni nikitafuta kalamu, na nikiipata naisoma: hizi ni punje za shayiri, hii ni miraba, haya ni mawimbi. Kioo cha kukuzia, kile kidogo cha masonara, hakitoki mfukoni mwangu hata nikienda kuswali (najua, najua).

Sasa kwetu mwenye kuposa haendi kuposa. Wazee ndio huenda, yeye hubaki nyumbani akingoja majibu. Lakini Zuhura niliyetaka kumposa, mwalimu aliyekuwa akija dukani kwangu kununua madaftari (wazee waliambiwa tumeonana mara mbili tu, tena kwa mbali), alikuwa amenidokeza kwamba babake, karani mstaafu wa Likoni, ana kalamu ya fedha aliyorithi kwa babake. Nikambembeleza Ami Shee anichukue, nitakaa mlangoni, sitasema kitu. Akakubali shingo upande. "Ukifungua kinywa," akaniambia, "mimi nawe hatujuani."

Mambo yalianza vizuri mno. Ami alinisifu mpaka nikaona haya: kijana mtulivu, hana maneno mengi, anaheshimu wakubwa. Mzee Athumani, babake Zuhura, akasema amesikia, atamuuliza binti yake, kisha atatupigia simu. Akachomoa kalamu mfukoni ili aandike nambari ya Ami, na mwanga wa dirishani ukaipiga ile fedha, nami nikajisikia nikisema, "Samahani mzee, naomba niitazame kidogo."

Ami akakohoa. Mimi nishafika katikati ya mkeka, kioo jichoni.

Nikaeleza kwamba mwili wote ni punje za shayiri, kazi safi, tazameni kila punje inavyoshika mwanga wake. Mzee akatabasamu, akasema miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia hilo. Ningeishia hapo ningetoka shujaa. Lakini sifa zilishanipanda kichwani, na karibu na mdomo wa kifuniko nikaona mistari mifupi mifupi, safu mbili zilizopinda, nikatangaza kwamba haya ni mawimbi, tena ya kuchongwa kwa mkono, adimu sana, huenda fundi alitaka kuacha alama yake.

"Hapana, mwanangu," mzee akasema taratibu. "Hayo hayakuchongwa."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu baba wa msichana niliyekuja kumposa, "Utaniwia radhi, mzee. Kalamu ni yako, lakini jicho la kazi hii ni langu."

Ami alifumba macho. Nikatamani ardhi inimeze, kwa kuwa nilijua posa imekwenda na maji.

Nyuma ya pazia, walikokaa wanawake (walisikia kila neno, kama kawaida yao), ikatoka sauti ya bibi yake Zuhura. "Mwambieni mgeni hayo si mawimbi. Ni meno ya Zuhura. Alipoota meno ya mbele, aliyajaribia kwenye hiyo kalamu."

Nyumba ikaripuka kwa kicheko. Mzee Athumani alivua miwani akapangusa machozi, na mimi nimesimama katikati yao nimeshika meno ya mchumba wangu chini ya kioo. Hapo mtu mwenye akili angekaa. Mimi nikatazama tena, nikasema kwa furaha kabisa, "Wallahi ni kweli. Mwanya huu naujua."

Kicheko kikakatika. Mzee akarudisha miwani yake polepole. "Waujua wapi?"

Mtu aliyemwona msichana mara mbili kwa mbali angeujulia wapi mwanya wake? Ami tayari alikuwa akitafuta viatu vyake. Ndipo Zuhura, ambaye kwa desturi yetu angeulizwa siku nyingine na akajibu kwa kunyamaza, akasema kutoka nyuma ya pazia, "Baba, asiulizwe zaidi. Mimi nimekubali."

Mzee alinitazama, akatazama pazia, kisha akacheka upya, na safari hii hata Ami alicheka. Nilitokwa na machozi ya furaha mbele ya wazee wote, na sijuti hata kidogo.

Kwenye posa sijakanyaga tena, na wala sialikwi. Lakini kalamu sijaziacha. Ila siku hizi mtu akiniletea yenye nakshi, kabla sijatoa kioo, namuuliza kwanza nyumbani kwao wamelea watoto wangapi.