Friji Lililosafiri Kichwa Chini

Tulipohamisha duka letu kutoka Iringa kwenda Mbeya, mume wangu alitaka kuacha kitu kimoja tu, friji langu la mafuta ya taa. Lilikuwa limeacha kugandisha tangu Ramadhani, na barafu zangu za ubuyu ndizo zilizonipa jina mtaani. "Mbeya yenyewe friji," akasema. "Utamuuzia nani barafu, watu wanaoamka na makoti?" Nikamwambia friji lisipokwenda, nami siendi. Sikuwa natania. Bila barafu ningekuwa mke wa mwenye duka tu, hadi chumvi niombe.

Akakubali kwa shingo upande, akatia na sharti: likigoma na Mbeya, analichukua rafiki yake wa Makongolosi, alifanye kabati la nguo. Kabati la nguo, friji langu mimi.

Wapakizi wakalipandisha kwenye lori kichwa chini, eti miguu yake mibovu, huko juu ndiko bapa. Niliwasema mpaka koo likakauka. Barabara kuu ilikuwa bado inajengwa, na kutoka Makambako yalikuwa mashimo matupu. Kila lori lilipodunda nilisema moyoni, kwisha habari yake.

Tulipofika Ilomba, mtaa wetu mpya wa Mbeya, tukalisimamisha sawasawa juu ya matofali. Nilitaka kuliwasha papo hapo, lakini utambi ulikuwa umepotelea kwenye mizigo. Nikaupata kesho yake ndani ya sufuria la pilau. Nikawasha, mume wangu akinitazama na kamba ya kufungia mzigo tayari mkononi.

Jioni nilitia mkono nikautoa mbio. Ndani kuliuma kwa baridi.

Baadaye fundi mmoja alinieleza kwamba ndani yake mlikuwa na amonia, gesi ya kupozea, nayo ilikuwa imekwama kwenye mabomba. Kugeuzwa, kutikiswa na kupumzishwa ndiyo dawa yake. Siku hizi nasikia gesi za majokofu zinaharibu anga, na mafundi wanarudia amonia ileile. Mimi siwashangai. Ya kwangu ingevuja ingetuchoma pua sisi, mbinguni isingesumbua mtu.

Barafu ya kwanza nilimpa mume wangu, asubuhi, baridi ya Juni. Aliila amevaa koti na kofia ya sufu, meno yanagongana. Alipomaliza akaitupa ile kamba uvunguni, akaniuliza kama ipo nyingine.