Kocha Aliyekunywa Maji Uwanjani

Alhamisi, kumi la kati la Ramadhani. Upepo umekatika tangu asubuhi na jua limekuwa kali sana hapa Kibarani. Jezi zilikauka kabla sijamaliza kuzianika.

Mimi ni mfuaji wa jezi za timu ya mpira ya chuo. Darasa la nane ndiko nilikoishia, na mpira nimeujulia pembeni mwa uwanja, ndoo mkononi. Kocha wa zamani alipoondoka, mkuu wa chuo alitaka watu watatu wawatazame walioomba kazi hiyo kisha wachague mmoja: mwenyekiti wa timu, ambaye ni mwalimu wa uchomeleaji, nahodha, na mimi. Wachezaji walisema mama wa jezi hana upande. Neno hilo lilinifurahisha kuliko ilivyopasa.

Niandike haki ya kila mmoja. Jana alikuja wa Malindi. Ana sauti, ana filimbi, na koni zake alizipanga kabla vijana hawajafika. Aliwakimbiza kidogo, na alipoona midomo imekauka akawapumzisha. Sina baya la kumsema.

Leo alikuja wa Lamu. Alifika adhuhuri moja kwa moja kutoka kwenye basi, nami ndiye niliyempokea begi nikaliweka stoo. Alinipa shikamoo, akaniuliza habari za saumu. Hakuwakimbiza vijana hata hatua moja. Aliwakalisha kwenye kivuli cha jengo, akamuuliza kila mmoja anacheza wapi na nani alimweka hapo. Kisha wakaingia uwanjani kwa kutembea, wakafanya kona tu. Timu yetu hufungwa kwa kona; miaka yote nimeona mabeki wanatazamana huku mpira unaingia. Leo aliwaonyesha nani aufuate mpira na nani abaki na mtu wake, akarudia na kurudia, mpaka beki mmoja akamwambia kipa aende zake nyumbani, amepata likizo.

Katikati ya mafunzo hayo alitoa chupa ya maji, akanywa, akaifunika, akaendelea.

Mimi nilikuwa dirishani mwa stoo. Na niandike yote: leo mimi sikufunga. Nimo katika siku zangu, na nilikuwa nimetia komeo mlangoni, kikombe cha chai nimekificha nyuma ya kapu la jezi, kama tufanyavyo wanawake wote niwajuao, ili wanaume na watoto wasijue.

Baadaye tukakutana ofisini. Mwenyekiti alisema yeye amempenda wa Malindi. Nahodha akasema anamtaka wa Lamu, maana leo wamejifunza kuliko muhula mzima uliopita. Wakanigeukia. Moyoni nilikuwa nimeshampa wa Lamu. Mdomoni likatoka jingine.

"Kufundisha anajua," nilisema. "Lakini ni Mwislamu, na amekunywa maji mbele ya vijana waliofunga. Watajifunza nini kwake?"

Nahodha alitazama chini. Mwenyekiti ni Mkristo, mtu wa Rabai, akainua mikono. "Hayo ni ya kwenu, mama. Hapo mimi siingii."

Ikawa imekwisha.

Nilipompelekea yule wa Lamu begi lake nje, alilipokea kwa mikono miwili. "Mama, uniwie radhi kwa yale maji," akasema. "Nilikula daku nikitia nia ya kufunga. Basi likaharibika njiani, tukakaa juani. Nikaona nitumie ruhusa ya msafiri. Siku hii nitailipa, inshallah."

Ruhusa ya msafiri naijua tangu chuo cha Kurani, nikiwa mtoto. Begi la safari nililibeba mimi mwenyewe. Hapakuwa na jambo hata moja nililokuwa silijui.

Nilirudi kwa mwenyekiti karibu mbio. Alikuwa ameshampigia simu wa Malindi. Anasema mkewe alisikika nyuma akipiga vigelegele. Nikamwambia yule mwingine alikuwa msafiri, dini yenyewe inamruhusu, na mimi nilijua. Alinitazama.

"Mama, ulivyolitamka lile neno, mimi nilijua nasikia kadhi."

Hakucheka. Akasema hawezi kumnyang'anya mtu kazi aliyompa sasa hivi, na hapo ana haki. Wa Malindi hakukosa lolote. Nilitaka kumwambia na ile habari ya chai, ila sikuweza kuisema mbele ya mwanamume. Au labda hicho ni kisingizio tu. Sijui.

Wa Lamu alikuwa langoni akingoja bodaboda, akidhani ataarifiwa kesho. Nikamwambia kazi ameikosa, na kwamba neno langu ndilo lililomkosesha, na neno lenyewe lilikuwa lipi.

Bodaboda ikasimama mbele yetu.

"Ungeniuliza tu, mama."

Nikamwomba aje kwetu afuturu na mume wangu. Akashukuru, akasema atapanga chumba karibu na stendi, atakula huko huko. Sauti yake ilikuwa ile ile ya adhuhuri. Akapanda, akaenda.

Nimejaribu kutafuta kwa nini nilisema vile. Nadhani iliniuma kuona mtu anakunywa waziwazi na mimi nimejifungia stoo. Au nilitaka, mara hii moja, neno langu liwe zito mbele ya mwalimu. Huenda ni yote mawili. Kwamba nilikuwa naitetea dini, hilo siwezi kuliandika.

Nyumbani mume wangu aliuliza nani amechukua kazi. Nikamwambia ni wa Malindi, na ni kocha mzuri, na hilo ni kweli. Kisha nikamweleza na yaliyobaki. Hakunilaumu. Alisema niongeze sahani, huenda mgeni akabadili nia. Niliongeza. Magharibi ikaadhiniwa na hakuna aliyebisha hodi. Tulikula tende, uji wa mtama, mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga, na fungu la mgeni nikawagawia watoto.