Kioo Kinachozimika Mlimani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliendesha malori ya masafa marefu mpaka goti lake la kushoto lilipoikataa klachi. Kampuni ilimuaga kwa heshima zote. Alipewa saa ya ukutani yenye picha ya lori, na kesho yake lori lenyewe akapewa mtu mwingine. Madereva wenzake walimwita Tela, kwa sababu enzi zake alikuwa akirudisha nyuma tela mbili mahali ambapo wengine walishindwa kugeuza baiskeli. Jina hilo lilibaki kule yadi ya malori. Nyumbani, ambako nami nakaa nao, aliitwa "huyo hapo", kama vile: "Muulize huyo hapo kama ameuona mkasi wangu."

Mwanaume aliyezoea barabara akikaa ndani mchana kutwa, wote mnakuwa abiria wake. Alikagua bawaba za milango. Alikagua namna dada anavyokata vitunguu. Alisimama getini kumwelekeza muuza maji jinsi ya kuingiza mkokoteni, "kata kushoto, kata, nyoosha," mpaka muuza maji akahamia mtaa wa pili. Binti yao, ambaye anafanya kazi mji mwingine katika ofisi ya wachoraji ramani, alipochoka kupigiwa simu za malalamiko na pande zote mbili, alimletea kompyuta moja ambayo ofisi yao ilikuwa inaiondoa, pamoja na usukani wa plastiki, pedali zake, na gemu ya kuendesha malori.

"Baba," alimwambia, "ukimaliza vitunguu, endesha hii."

Pedali ile ilikuwa nyepesi, goti halikuwa na la kusema. Kuanzia siku hiyo shemeji akarudi kazini. Aliamka, akanywa chai, akavaa viatu vya kufunga kamba, akatembea kutoka chumbani hadi sebuleni, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akarekebisha vioo vya pembeni ambavyo vilikuwa ni picha tu. Jirani akiuliza aliko, dada alijibu, "Yuko safari," huku akionyesha sebule kwa kidevu.

Hapa sina budi kumweleza dada. Dada yangu ni mfumaji, na katika nyumba yake hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina koti, friji ina kilemba, mtungi wa gesi una sketi ya marinda. Kompyuta haikulala hata siku moja kabla ya kushonewa. Lile sanduku la chini, lenye kubeba akili yote, lilivikwa koti la kitambaa kizito lenye mpira pindoni, likabana pande zote, na juu yake kikatandikwa kitambaa cha kufuma chenye vishada. Kwa mbele aliacha tundu la kupitisha kidole cha kuwashia.

"Vumbi halina adabu," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Mwezi haukuisha gemu ikaanza vituko. Kwenye barabara tambarare mambo yalikuwa shwari. Lakini shemeji akishakaa usukanini kidogo, mzigo uko nyuma, mlima uko mbele, picha inaanza kuchanika mistari. Anga linageuka zambarau. Halafu kioo cha kompyuta kinakuwa cheusi tii. Sauti haikatiki: injini inaendelea kunguruma gizani, matairi yanalia, kisha unasikia kishindo, na shemeji anavua miwani.

Aliutafuta ugonjwa kwa njia aliyoijua, yaani kugonga, kutikisa na kusikiliza. Alikipiga kioo kofi ubavuni, kwanza la kirafiki, baadaye la hasira. Akaazima kioo cha jirani yetu mwalimu, nacho kikazimika palepale mlimani. Akakirudisha pamoja na ushauri kwamba na chenyewe kinaanza kuumwa, akiwahishe. Mwalimu hakumwazima tena kitu.

Kisha akagundua mahali pa kupunguzia uzuri wa picha. Alipoondoa vivuli, kioo kilichelewa kidogo kuzimika. Akaona amepata dawa. Akaondoa mvua. Akaondoa nyasi, mawingu, na watu wa kando ya barabara. Mwisho akafyeka miti yote ya nchi ile, akawa anaendesha lori jekundu katikati ya ardhi ya kijivu kama sakafu ya saruji. Kioo kikawa kinazimika kwa nadra, ila ilikuwa vigumu kujua tofauti.

Ndipo akaitwa fundi. Huyu ni kijana wa mtaani kwetu mwenye duka la simu, begi la bisibisi, na jibu la kila swali kabla swali halijafika. Dada aliposikia fundi anakuja alifanya anachofanya kila mara fundi anapokuja, awe wa bomba au wa umeme: alivua nguo zote za vyombo, akazikunja, akazifungia kabatini, kwa maana mafundi wana mikono. Kompyuta ikabaki kama ilivyozaliwa.

Fundi akawasha gemu, akaendesha mlima wote, akapitiliza, akashuka ng'ambo. Hakuna kilichozimika.

"Mzee, mbona iko poa?"

"Ngoja kidogo. Itazima."

Wakangoja. Fundi akanywa soda yake yote. Akarudisha miti, akarudisha mvua, akaendesha tena. Picha ilikuwa safi mno, shemeji akaona aibu kama mtu aliyempeleka mgonjwa hospitali na mgonjwa akaanza kucheza mpira wodini.

"Huenda ni waya," alisema fundi, akabadilisha waya, akaondoka. Dada akafungua kabati, akarudisha nguo zake. Jioni hiyohiyo lori likapotelea mlimani.

Alipoitwa tena, kabati likafunguliwa tena, koti likavuliwa, na mashine ikawa na afya njema kuliko sisi wote. Safari hii fundi alikuwa na neno jipya. "Kioo hakina shida. Tatizo ni dreva wako, mzee. Amezeeka. Tunamtoa, tunaweka mpya."

Alikuwa anazungumzia programu ya ndani inayoongoza picha, na alitueleza hivyo baadaye. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Shemeji alimtazama kwa muda.

"Hata wewe," akasema.

Dreva mpya akawekwa, akafanya kazi vizuri mbele ya fundi, akazimika mbele yetu. Fundi akahitimisha kwamba mashine inamwogopa yeye, jambo lililomfurahisha sana, na kwamba kilichobaki labda ni umeme wa nyumba yetu, jambo ambalo mtu hawezi kulipinga popote.

Yote hayo yangebaki kuwa mambo ya sebuleni kama si bosi. Bosi ni binti wa tajiri wa zamani, yule aliyemwajiri shemeji. Baba yake alipopumzika yeye ndiye aliyeshika kampuni, na alikuwa na tatizo moja: madereva wapya walikuwa wanamletea malori yasiyo na breki, yasiyo na gia, na mara moja yasiyo na mlango. Akasikia kwa makanika wa yadi kwamba Tela ana mashine ya kuendeshea nyumbani kwake. Akampigia simu. Alitaka kuja Jumamosi mchana aione. Ikiwa ni kitu cha maana, angempa chumba pale yadi, na hakuna dereva mgeni ambaye angegusa lori kabla hajapita kwa Tela. Ikiwa ni mchezo wa watoto, basi wangekunywa chai wakaachana kwa amani.

Shemeji aliweka simu chini, akavua miwani. Mtu ambaye hamjui angedhani amepewa habari za msiba.

"Ikizima mbele yake?" alimuuliza dada.

"Haitazima. Mbele ya wageni haizimi. Si unaona kwa fundi?"

Ilikuwa hoja nzuri kabisa, na ilikuwa na kasoro moja tu. Fundi ni fundi, bosi ni mgeni. Kwa fundi nguo huvuliwa. Kwa mgeni huvalishwa zile nzuri.

Jumamosi ile sebule iling'aa kama imeposwa. Dada alitoa seti ya sikukuu, nyeupe, yenye bitana ndani, akaipiga wanga na pasi mpaka ikasimama yenyewe. Sanduku la kompyuta lilivishwa koti hilo jipya, likafungwa riboni. Shemeji naye, kwa kuwa aliona haya kumkaribisha bosi katika nchi isiyo na mti hata mmoja, alirudisha msitu wote, mawingu, vivuli na mvua kubwa. Kila mmoja alitoa kilicho bora.

Bosi alifika peke yake, mama mnene mpole mwenye viatu vya yadi, akakataa kiti cha heshima, akachukua kigoda karibu na mashine.

"Tela, nipe mlima. Mzigo kamili. Nataka kuona unavyoshuka, kwa sababu kushuka ndiko wanakoniulia magari."

Shemeji akapanda. Alikuwa anapanda vizuri, niseme ukweli. Bosi aliacha kunywa chai. Walipofika kileleni akaanza kushuka kwa gia nzito, anaachia, anakamata, na mvua inapiga kioo cha lori. Kona ya kwanza ikapita. Halafu mstari mwembamba ukakata anga. Nikamtazama dada, dada akautazama ukuta. Anga likageuka zambarau, na kioo kikafa.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Mimi, ambaye sijawahi kuendesha hata toroli, ndiye niliyeona nina msaada wa kutoa.

"Shemeji, endelea," nilimnong'oneza. "Njia hii si unaijua kwa moyo? Kona kulia, halafu daraja."

Akakanyaga breki taratibu. Akashusha gia, tukasikia injini ikilalamika, akashusha nyingine. Mlio wa matairi ukapungua, ukapungua, ukaisha. Akavuta breki ya mkono, akabonyeza taa za hatari, tukasikia zikipiga tiki-tiki gizani. Nyuma yake magari ya gemu yakaanza kumpigia honi. Wale watu wa kompyuta nao hawana subira. Akazima injini ya lori, akaweka mikono mapajani.

"Mbona umesimama?" bosi akauliza.

"Sioni."

"Si gemu hiyo, Tela? Hakuna anayekufa humo."

"Ni gemu, bosi. Lakini sioni."

Nilikuwa nimekwisha kumhurumia. Nilijua chumba cha yadi kimekwenda, na Jumatatu tunarudi kwenye vitunguu. Bosi alikaa akisikiliza zile taa. Kisha akataka kuinuka, akaegemea mkono kwenye koti jeupe, akauondoa haraka kama aliyegusa sufuria.

"Mama," alimwambia dada, "humu ndani unaoka nini?"

"Hapana, hiyo ni nguo tu. Ya vumbi."

Bosi akaifungua riboni mwenyewe, akalivua lile koti. Joto lilitoka hadi nikalisikia usoni. Ndani ya sanduku feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote, inavuta hewa kutoka kwenye bitana.

"Tela. Miaka yote uliyomwendeshea baba yangu, ungemruhusu mtu afunge turubai kwenye rejeta?"

"Ningemshusha palepale."

"Sasa hii?"

Shemeji alimtazama mke wake, kisha akamtazama bosi, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu nilimsikia akisema jambo lililopimwa vizuri.

"Bosi, barabarani nilikuwa dereva. Humu ndani mimi ni utingo."

Dada akasema chai imepoa, akaenda jikoni kuipasha, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Mashine ilipopata hewa, picha ikarudi yenyewe. Lori lilikuwa limesimama pembeni mwa barabara, si kwa uzuri anaousimulia shemeji siku hizi. Tela yake ilikuwa imeziba nusu ya njia, na gurudumu moja la mbele lilikuwa limepanda nyasi. Lakini uzio wa bonde ulikuwa mbele yake, mzima. Bosi aliinama akaangalia kwa karibu, akanyooka.

"Madereva wangu wakiingia kwenye ukungu huwa wananiambia njia wanaijua," alisema. "Hata huyu shemeji yako amesema hivyohivyo." Nikainama kukunja lile koti. "Jumatatu uje nayo yadi. Wote wapite hapo. Ila na mimi nitakuwepo nyuma yao, na nikijisikia nitakizima kioo."

Na ndivyo ilivyo hadi leo. Nilikwenda kumbebea kompyuta siku ya kwanza, nikakuta madereva wamejipanga nje ya chumba wakicheka, wanamuuliza Tela kama kuna na pipi. Wa kwanza kuingia alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya jua na leseni iliyochakaa kwa kuonyeshwa watu. Aliendesha kwa mkono mmoja. Alipofika kileleni bosi akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe, kioo kikawa cheusi.

"Aa, msijali, njia hii naijua," alisema yule bwana, akaongeza moto.

Tulisikia kona, tukasikia uzio, halafu kimya kirefu, halafu kishindo cha maji. Bosi akawasha kioo ili yule bwana aone mwenyewe alipofika.

Shemeji hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya kile kiti cha plastiki, amevaa viatu vyake vya kufunga kamba.

"Shuka," alimwambia.

Yule bwana akashuka.