Niliandika Jipu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kibovu, kalamu ya bluu na kitabu kinene kama tofali. Kitabu kile kilikuwa na majina ya magonjwa yote anayoweza kuumwa binadamu, kila moja na herufi yake na tarakimu zake. Ilikuwa masijala ya hospitali moja ya hapa Dodoma. Jina lake nalihifadhi, maana ninayetaka kumwanika leo ni mimi mwenyewe. Kazi ilikuwa kusoma faili la mgonjwa aliyeruhusiwa, kuona daktari ameandika anaumwa nini, kisha kuweka msimbo wa ugonjwa huo kwenye fomu ya madai inayokwenda bima. Wenyewe tuliuita kodi, kutoka code ya Kiingereza. Baba mkwe aliposikia nafanya kazi ya kodi akaanza kuniheshimu, akidhani natoza watu ushuru, nami sikumsahihisha.

Mkuu wa Masijala alikuwa mama wa makamo, miwani puani, hacheki ovyo. Aliniita mezani kwake asubuhi ileile.

"Umesomea udaktari wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi usitibu. Daktari kaandika malaria, andika malaria. Kaandika homa isiyojulikana, andika isiyojulikana. Ukiona haijakaa sawa, beba faili mrudishie mwenyewe. Usimtungie."

Kwa miaka mingi nilimtii. Nilizunguka wodini na mafaili kwapani hadi madaktari wakawa wakiniona kwa mbali wanageuza njia. Nilihamishwa kituo cha afya upande wa Kondoa, nikakaa huko miaka miwili nikiandika kwa mkono mchana kutwa, nikarudi mjini nikiwa mkuu wa kitengo cha madai. Kompyuta zilikuwa zimeshafika. Yule mama alikuwa amestaafu, na pengine ndiyo maana niliharibika. Hapana, huo ni uongo. Niliharibika kwa sababu nilipenda kusifiwa.

Ninyi vijana mnaosoma mambo haya chuo kikuu pale Chimwaga mnamjua stafilokokasi kuliko mimi. Sisi tulimwita stafu tu. Ni bakteria anayekaa puani na kwenye ngozi za watu wazima wa afya, wala hana neno, mpaka apate upenyo. Akiupata, analeta usaha. Kuandika stafu peke yake hakutoshi, lazima useme yuko wapi na amepitia wapi. Jipu la kawaida lina msimbo wake. Akiingia kwenye damu, kuna mwingine. Na akiingia kwenye kidonda cha upasuaji upo mwingine kabisa, ambao unamwambia anayeusoma kwamba mgonjwa huyu mlimpasua ninyi, na mshono wake ukaharibika.

Huo wa mwisho ndio uliokuwa ukiturudia. Mkaguzi wa bima alikuwa akiandika pembeni kwamba upasuaji ulishalipwa, mshono ukiharibika mtibuni wenyewe. Fomu ziliporudi kwa mara ya tatu, Mganga Mfawidhi, ndiye bosi wa hospitali nzima, akaniita ofisini.

"Mzee wa kodi, hebu nikumbushe. Jipu ni nini?"

"Ni usaha uliokusanyika chini ya ngozi, daktari."

"Na huyu mama kwenye mshono wake kuna nini?"

"Usaha."

"Uko wapi?"

"Chini ya ngozi."

"Sasa unataka nikufundishe nini tena?"

Akacheka. Nami nikacheka. Kicheko chake kilikuwa cha bosi, lakini changu kilikuwa cha kujipendekeza, na nikikikumbuka natamani nijifunike shuka.

Nikaanza kuandika jipu. Mshono wa ngiri ukitoa usaha, jipu. Mama kajifungua kwa upasuaji, tumbo limeharibika, jipu. Fomu hazikurudi tena hata moja. Mei Mosi iliyofuata nikaitwa mbele, nikapewa cheti cha mfanyakazi hodari na jiko la gesi la mafiga mawili. Mke wangu analipikia mpaka leo. Halina kosa lolote jiko la watu, ila nikilisikia linawaka natoka nje.

Sasa nije kwa Sista, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Alikuwa mwembamba, mkali, na alikuwa anajua kazi. Alihisi mashine ya kutakasia vyombo vya upasuaji haifiki joto linalotakiwa. Alishasema, akaambiwa alete ushahidi. Akaja kwangu.

"Kaka, nitolee idadi ya mishono iliyoharibika tangu mwaka uanze."

Nikabonyeza, nikamchapia. Karatasi ikatoka na sifuri.

"Sifuri?" Akaiangalia mbele na nyuma. "Leo asubuhi tu nimefunga vidonda vinne kwa mikono yangu hii!"

"Kompyuta haidanganyi, Sista."

Nilimwambia hivyo, mimi, mtu mzima mwenye ndevu.

Akaenda wodini, akarudi na faili la mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Nyemo, mwenyeji wa Kongwa, aliyejifungua kwa upasuaji siku chache nyuma. Aliruhusiwa, kisha akarudishwa hoi kwa homa. Sista akaweka kidole kwenye mwandiko wake mwenyewe. "Soma hapa. Siku ya tatu, hajatoka hata wodini, mshono mwekundu, unatoa maji. Niliandika, wakamruhusu hivyohivyo. Na majibu ya maabara haya hapa. Wameotesha usaha, ni stafu, hasikii dawa zilezile zilizoshindwa kwa wagonjwa wengine watatu wa mishono. Wewe unazishika karatasi hizi zote. Huoni?"

Nilikuwa naona. Katika hospitali ile nzima mtu pekee aliyepitiwa na karatasi zote hizo nilikuwa mimi. Nikamwambia aliache faili nitaliangalia. Nikaliangalia, nikaandika jipu.

Sista aliingia kikaoni na sifuri yangu, wakamwambia anachafua jina la hospitali. Baada ya muda akahamishwa. Mashine ilibadilishwa ilipokufa kabisa, na hakuna aliyejua ni kina mama wangapi walishaumia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa kujua.

Nilistaafu kwa keki na hotuba. Nikahamia kwangu Nzuguni, nikafuga kuku, nikajiona mtu aliyemaliza salama. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mwalimu, na kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo, mzee," kwa adabu kabisa. Nilizoea kumwita Mwalimu tu. Siku moja nilimkuta anafua peke yake, amechoka, nikamuuliza kwa utani, bibi wa huyu mtoto wako yuko wapi mbona haji kukusaidia?

"Mama yangu?" Akaendelea kukamua nguo. "Mzee, mama yangu nusura aniue. Nilipojifungua alikuja kunikanda. Unajua tena kina mama wa zamani, kitambaa, maji ya moto. Alinikanda mara moja tu, nikapata jipu mshononi, nikalazwa wiki tatu. Wodini wakaniuliza nani ananiosha nyumbani, maana jipu ni uchafu. Wakwe zangu walimfukuza. Sijamruhusu amshike mtoto wangu tangu siku hiyo."

"Jipu nani kasema?"

"Karatasi ninayo."

Akaingia ndani akaileta, ipo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vyake. Ilikuwa nakala ya fomu ya madai. Jina, Nyemo. Ugonjwa, jipu. Chini, herufi mbili za jina langu, kwa kalamu ya bluu.

Nitawaambia nilifanya nini. Nilisema, "Pole sana, Mwalimu," nikarudi kwangu, nikalisha kuku. Miezi minne nilipokea shikamoo yake kila asubuhi na kuitikia marahaba. Jamani, marahaba ya nini?

Siku niliyomwambia alikuwa anasahihisha madaftari. Nilimweleza yote nimesimama mlangoni, mpaka siku ya tatu na mshono mwekundu. Akafunika kalamu yake.

"Kwa hiyo kabla mama hajanigusa?"

"Kabla hajaja kabisa."

"Usiniambie mimi, mzee. Kamwambie yeye. Mimi sina uso wa kumwendea peke yangu."

Tulipanda basi la Kongwa Jumamosi. Mama Nyemo tulimkuta uani anabangua karanga, kazeeka kuliko nilivyotegemea. Alimwona mwanawe, akainuka, kisha akakaa tena, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Nikamsalimia kwa Kigogo, mbukwa, akaitika. Nikamweleza kwa Kiswahili rahisi, bila msimbo wowote, kwamba kidonda kilianza kuharibika palepale hospitalini, na kwamba mimi nilijua, nikaandika kingine ili karatasi zisirudi.

"Kwa hiyo si maji yangu?"

"Si maji yako, mama."

"Niliyachemsha," akasema. Alikuwa bado ameshika karanga mkononi. "Niliyachemsha mara mbili. Niliwaambia, hakuna aliyenisikiliza."

Vijana, nimealikwa niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa ikifanyika zamani, na najua mlitarajia niwasimulie habari za madaftari makubwa na wino. Kazi yenyewe niliambiwa siku ya kwanza kwa neno moja, usimtungie, na ujuzi wote niliojifunza baadaye niliutumia kulikwepa neno hilo. Hakuna aliyenishikia fimbo. Sista yule nimemtafuta, bado sijampata.

Mama Nyemo aliniomba niandike. Alisema karatasi ndiyo iliyomfukuza, basi na karatasi imrudishe, wakwe waione. Nyemo akaitoa fomu ile kwenye mfuko, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake juu ya goti langu. Mama hajui kusoma. Akampa mwanawe.

Nyemo akasoma. "Kidonda cha Nyemo kiliharibikia hospitalini kabla ya kuruhusiwa. Mama yake hana kosa. Halikuwa jipu." Hapo akaishusha karatasi.

"Endelea," mama yake akasema. "Naona wino bado. Kuna nini tena hapo chini?"

"Jina la huyu mzee."

"Lisome na hilo."