Mtaro Niliouchora Mimi, Nikauziba Mimi

Nianze na lile ambalo mke wangu amenikataza kulisema mbele za watu: mtaro ule niliuziba mimi. Si watoto, si mbuzi wa jirani, si kampuni ya viwanja (ingawa kampuni nayo nina maneno yake, nitayasema), ni mimi, kwa akili zangu timamu, mchana kweupe, mikono kiunoni, nikisimamia kama mtu anayefanya jambo la maana. Na kabla hamjanihurumia, ngojeni niwaambie kazi yangu. Kazi yangu ni mitaro. Nimeisomea, nina cheti, nimekitia kwenye fremu nikakitundika sebuleni, kinasema huyu bwana ni mhandisi na anajua maji ya mvua yanatoka wapi na yanapaswa kwenda wapi. Siku hizi nikipita mbele ya cheti kile natazama pembeni.

Mtaa wenyewe uko Mapinga, upande wa juu wa barabara, pale ambapo zamani palikuwa mihogo na mikorosho na sasa kila mfanyakazi wa Dar ana kiwanja chake na rundo lake la matofali. Mnajua viwanja vile vinavyouzwa: wateja wanaletwa kwa basi Jumamosi ya kiangazi, wanapewa soda, ardhi imekauka mpaka imepasuka, mteja anauliza lile korongo ni la nini, anaambiwa "hilo ni bonde tu la kupendezesha mandhari," naye msomi mzima anaitikia kwa kichwa na kuomba soda ya pili. Mvua kule ni chache, kweli, miezi inapita hujaona hata manyunyu, lakini ikija inakuja yote kwa mkupuo, na haiji peke yake, inakuja na ya watu wa vilimani huko juu upande wa bara, ambao wamefyeka miti yote wakapiga mabati, kwa hiyo kila tone linaloangukia mapaa yao linateremka kwetu. Hayo nilikuwa nayajua. Ndiyo maana kampuni iliponipa kazi niliwachorea mtaro mpana hatua tatu, kina chake hadi kiunoni, unaopita mbele ya nyumba zote hadi bondeni. Mkurugenzi wa kampuni alitaka niupunguze apate viwanja viwili vya ziada, nikamwambia labda anivue cheti kwanza. Basi nikavimba kichwa. Kwenye kikao cha wakazi nilihutubia nusu saa nzima kwamba mtaro mkavu bado ni mtaro, kwamba atakayetupa humo hata ganda la muhogo atanitambua, na bibi mmoja aliyekuwa amemwaga majivu ya jikoni nilimsema mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani mwenye cheti.

Sasa, mama mkwe wangu, Bi Zuhura, ni mtu wa Bagamoyo mjini, Mji Mkongwe, ukoo wa watu wenye nasaba zao, na tangu mwanzo hakunitaka kwa sababu mimi natoka Chalinze. Alimwambia mke wangu, Rukia, kwamba Chalinze hapazaliwi watu, panapita mabasi. Lakini mambo yake mwenyewe hayakuwa mazuri: alikuwa anaishi kwenye nyumba ya urithi, chumba kimoja, pamoja na kaka yake na mke wa kaka yake, na huyo wifi alikuwa anamsimamia hata ndoo ngapi amechota. Mimi ndiye niliyemshawishi ajenge Mapinga. Nilimwambia, "Mama, pale hutaona tope, mtaro nimeuchora mimi." Akaniamini. Akajenga kidogo kidogo, nyumba ya vyumba viwili na baraza, kitu cha kwanza maishani mwake ambacho ufunguo wake ni mmoja na anao yeye. Siku ya kufunga mizigo alipita nyumba moja moja mtaani kwao kuaga, na wifi hakungoja hata kesho yake, aliingiza cherehani yake ndani ya chumba. Kwa hiyo hakuwa tena na mahali pa kurudi, na mwenye dhamana ya hayo yote nilikuwa mimi.

Dua ya kuhamia ikapangwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Alhamisi akaja shemeji yangu Hamadi, mwana wa Bi Zuhura, kutoka Dar (mtu wa gari, gari lenyewe hata halijatolewa plastiki kwenye viti), akasimama mbele ya nyumba, akautazama mtaro, akanitazama mimi.

"Shemeji, wanaume watakaa wapi? Watakaa ndani ya handaki hili?"

Nikamweleza kwamba lile si handaki. Akasema yeye hajali linaitwaje, ila turubai halina pa kusimama, na gari lake haliwezi kulala barabarani kama la bodaboda. Pembeni palikuwa na lundo la kifusi kilichobaki kwenye ujenzi. Akakitazama kifusi, nami nikakitazama kifusi, na hapo ndipo shetani alipopata kiti. Nikasema tujaze kipande cha mbele ya nyumba tu, Jumatatu tufukue. Rukia alikuwa barazani anapepeta mchele, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Na mvua ikinyesha? Si wewe uliyewaambia watu mtaro mkavu bado ni mtaro?" Hata kulaza bomba moja chini ya kifusi maji yapate upenyo kungetosha, kazi ya nusu saa. Mimi nikacheka, jamani, nilicheka, nikatoa simu nikamwonyesha lile jua la kuchora kwenye utabiri wa hali ya hewa, nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Akarudi kupepeta mchele wake. Tukajaza, tukashindilia, na kwa kuwa mimi ni mtaalamu nikataka pawe tambarare kabisa, nikapandisha kifusi mpaka kikawa juu kuliko baraza la nyumba.

Jumamosi palikuwa na jua la kupasua kichwa. Turubai likafungwa, sehemu juu ya kifusi na sehemu uani, majamvi yakatandikwa, gari la Hamadi likaegeshwa kando tu ya kifusi ambapo kila anayeingia lazima aliguse kwa kanzu, wanawake wakajaa ndani, pilau likawa linanukia mpaka barabarani. Niliketi uani, safu ya mbele karibu na ustadhi. Watu walikuwa wananipa mkono: "Hongera injinia, umemtunza mkweo." Nilikuwa naitikia kama vile nyumba nimeijenga kwa mikono yangu.

Ustadhi akaanza dua, na ustadhi yule dua zake ni ndefu, anawataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja na majirani zao. Mikono juu, macho chini, amina, amina. Nikahisi ubaridi chini ya makalio. Nikadhani mtu kamwaga bilauri. Nikatazama kwa pembe ya jicho nikaona jirani yangu naye amejiinua kidogo upande mmoja, na mwingine naye, safu nzima ya wanaume wazima tunajiinua huku na huku na hakuna anayethubutu kushusha mikono, maana nani atakata dua kwa sababu ya makalio? Juu hakuna hata wingu. Amina. Ndipo kikapita kiatu cha kike, peke yake, kinaelea taratibu mbele ya ustadhi, naye akakisindikiza kwa macho na kuendelea kuwaombea marehemu. Nami, niliyesomea maji kwa miaka, ndipo nikakumbuka kwamba mvua haina lazima inyeshe ulipo wewe. Ilikuwa imenyesha vilimani asubuhi ile.

Maji yaliteremka na mtaro wangu mzuri, mpana hatua tatu, kama nilivyochora, yakafika kwenye kifusi changu kizuri kilichoshindiliwa, yakasimama, yakapanda, na kwa kuwa nilikuwa nimepandisha kifusi kuliko baraza, njia iliyobaki ilikuwa moja tu: uani, na kutoka uani mlangoni kwa mama mkwe. Ustadhi alisema "Al-Fatiha" na hatukujua nani aliisoma. Masufuria yakaondoka mekoni. Wanawake wakaanza kutoka kwa kelele, wamepandisha madera, watoto mabegani. Hamadi alikuwa ameshatoweka, anasukuma gari lake huku anaita jina la Mola.

Rukia akatokea dirishani. "Mama yuko ndani! Magoti yake hayawezi!"

Nikaingia. Nilimkuta Bi Zuhura amesimama katikati ya sebule yake mpya, maji yako chini kidogo ya magoti, ameshika mto mmoja kifuani, godoro lake jipya linagongagonga ukuta. Mwanawe wa kuzaa yuko kwenye gari. Na mimi, ndugu zangu, mama mkwe sijapata hata kukaa naye mkeka mmoja, akiingia chumbani mimi natoka, hiyo ndiyo adabu tuliyofunzwa. Nikaduwaa mlangoni. Ustadhi akapaza sauti kutoka nje, mbele ya umati:

"Mkwe ni maharimu wake! Mbebe, bwana, hakuna dhambi!"

Dhambi haikuwapo. Aibu ndiyo iliyokuwapo. Nikageuka, nikachuchumaa ndani ya maji, kanzu ikafumuka ikaelea pembeni mwangu kama mwavuli, na mama mkwe wangu, mtu wa nasaba, akapanda mgongoni kwa mtu wa Chalinze. Nikatoka naye mbele ya watu wote. Wanawake wa ukoo wake walikuwa wamesimama ukutani, nusu wanasema "maskini" na nusu wameinua simu wanarekodi, na wengine (niliwaona, nawajua kwa majina) wanafanya yote mawili. Pakavu palibaki mahali pamoja tu. Nikampeleka juu ya kifusi, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki.

Akajifunga vizuri ushungi. Akatazama maji yalikotoka, akatazama yalikosimama, akatazama chini ya kiti chake.

"Baba Salma."

"Naam, mama."

"Hapa si palikuwa na mtaro?"

"Ulikuwapo, mama."

"Nani kaufukia?"

Wenye simu wakasogea karibu. Nikamtafuta Hamadi kwa macho, yuko mbali anakagua bomba la moshi.

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Ili watu wapate pa kukaa."

Akawatazama watu, wote wamesimama, kanzu zimewaganda miguuni. "Haya," akasema. "Mimi nimekaa."

Sikumbuki nani alicheka kwanza, ila nadhani alikuwa ustadhi. Tulimhamisha yeye na kiti chake, nikashika jembe, nikafukua kifusi nilichokishindilia, na wanaume wakanisaidia kwa makoleo na masinia ya pilau, na yule bibi wa majivu alisimama pale mwanzo mpaka mwisho, hakusema neno, na ningempa chochote anitukane tu yaishe. Tulipotoboa, maji yalishuka bondeni kwa muda usiozidi wa mtu kusali rakaa nne. Mtaro ulifanya kazi vizuri sana. Hilo nalo walilirekodi.

Video mmeiona, msijifanye. Lakini video si kitu, kucheka kunakwisha. Linaloniuma mpaka leo ni kwamba tope lilikuwa limejaa ndani, kuta zimelowa hadi usawa wa goti, na jioni ile Bi Zuhura alirudi Bagamoyo kwa kaka yake. (Kwangu nilimkaribisha, akasema ahsante, hatalala kwa mkwe wakati ana ndugu.) Wifi yake alimfungulia mlango, akamtazama na kifurushi chake, akamwuliza, "Umesahau nini, wifi?" Akalala ukumbini kwenye mkeka, kwa sababu cherehani ilikuwa ina chumba. Mwezi mzima na zaidi. Rukia alinisimulia hayo mara moja tu, kisha hakusema nami siku mbili, na alikuwa na haki.

Kuta zilipokauka, Bi Zuhura alikuja asubuhi moja na mtu nisiyemjua, fundi Mrisho, mchimba visima wa Makurunge, miguu pekupeku, begani ana mpira mrefu mweupe unaoonyesha ndani, umejaa maji, ule wa kupimia usawa: maji yakilingana ncha hii na ile, basi pamelingana. Walipima kizingiti, walipima baraza, wakaja kwenye mtaro. Nikasogea nianze kueleza mteremko ni kiasi gani. Mama mkwe akanikabidhi ncha moja ya mpira.

"Shika tu, baba. Kusoma atasoma yeye."

Nikashika. Nilisimama juani na kidole gumba juu ya mpira, nikisogezwa hatua mbili huku, hatua tatu kule, mhandisi mwenye cheti chenye fremu, mpaka fundi Mrisho akafika mwisho wa mtaro, akarudi anajifuta mikono.

"Mtaro hauna kosa, mama. Aliyeuchora anajua kazi."

"Namjua," akasema Bi Zuhura. "Ndiye aliyeufukia."

Alihamia Jumatatu yake, bila turubai, bila masufuria, alijisomea mwenyewe Yasini akalala. Mimi nilipata habari kesho yake. Na nimeapa, tena kwa wudhu, kwamba sitaweka hata kiganja cha mchanga ndani ya mtaro wowote, wangu wala wa mtu, hata aje nani na gari gani. Kiapo chenyewe hakuna anayekiuliza. Mama mkwe hajanigombeza hata siku moja, shikamoo yangu anaiitikia vizuri, chai ananimiminia, lakini wingu likitanda tu, hata liwe la kupita, ananipigia simu mimi mkwewe mhandisi, ananiambia niende upesi nikamwite fundi Mrisho.