Raundi Moja ya Uwanja

Rafiki yangu aliomba kitu kimoja kabla ya kufa. Alikuwa kitandani hospitalini, mwili umebaki mifupa, akanivuta mkono akasema, "Mkinitoa mochari, mnipitishe uwanjani. Raundi moja tu. Halafu mnipeleke nyumbani kwa baridi."

Nyumbani kwa baridi ni Olenguruone, alikozaliwa. Uwanja ni wa chuo kimoja hapa Nakuru, sikitaji, wanaokijua wanakijua. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Na ndiyo sababu bado nina hasira: ilikuwa kazi ndogo kweli.

Mimi sikusoma. Nilitoka shule kabla herufi zangu hazijanyooka, nikasukuma mkokoteni, nikapakia viazi kwa malori ya wenyewe mpaka nikapata lori langu. Leo nyumba yangu iko Milimani na hakuna mtu aliyenipa hata msumari. Nasema hivyo mjue sitetemeki mbele ya mtu kwa sababu ana shahada ukutani.

Rafiki yangu alikuwa na bucha Bondeni. Yeye pia hakusoma, lakini chuo kile alikipenda kuliko waliokilipia. Jumamosi alasiri, wakati Bondeni nzima inataka nyama, alikuwa anavua aproni, anafunga bucha, anachukua kengele ya ng'ombe aliyotoka nayo kwao, anaenda kutazama vijana wa chuo wakicheza raga. Wateja walimtukana mpaka wakachoka.

"Wewe mzee, nyama ni ya kuuza ama ya kuangalia?" mama mmoja alimfokea nikiwa hapo. "Nina wageni!"

"Mathe, leo wapikie sukuma. Vijana wangu wanacheza."

"Vijana wako! Na pua hiyo, ungezaa wale?"

Alicheka akaufunga mlango.

Uwanjani alikalia debe lililopinduliwa, pembeni karibu na mikaratusi, na hakuna mtu aliyethubutu kulisogeza. Kijana akipenya na mpira, yeye anapiga kengele na kupiga kelele, "Mwacheni! Huyo ni ng'ombe ameona chumvi!" Mchezo ukiisha analeta sufuria ya supu ya mifupa. Wanakunywa wote, hata timu ya wageni. Kijana mmoja alipovunjika bega, ni yeye aliyekaa naye hospitalini mpaka wazazi wakafika kutoka mbali. Walimwita guka, babu yao, na walimaanisha.

Mimi mchezo wenyewe sikuuelewa. Nilimuuliza, "Ni mpira gani huu, unataka kwenda mbele na unaurusha nyuma?"

"Nyamaza utazame. Wewe ulitoka shule mapema."

"Na wewe je?"

"Mimi nilirudi."

Sasa, prinsipali wa chuo ni jirani yangu. Ua ni mmoja, yeye upande ule, mimi huku. Rafiki yangu alipokufa wakanifanya mwenyekiti wa kamati ya mazishi, nikaenda kwenye ua nikamweleza ombi la marehemu. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Hakuna shida, mzee. Yule alikuwa wetu. Mleteni tu."

Hayo ni maneno yake. Sikumlazimisha.

Siku ya mazishi tulitoka mochari asubuhi, gari la maiti mbele, lori langu nyuma limejaa waombolezaji. Tukafika chuoni tukakuta lango limefungwa kwa mnyororo. Soja wa lango akatoka, kofia mkononi.

"Mzee, nisamehe. Nimeambiwa maiti isiingie. Kuna wageni wanakuja kufungua jengo jipya."

Nikachungulia ndani. Katikati ya uwanja kulikuwa na hema nyeupe na viti vimevalishwa nguo na riboni kama mabibi arusi. Vijana wa raga, wote kwa jezi, walikuwa wamepanga mistari miwili pembeni karibu na lile debe, wanamngoja. Nikampigia prinsipali. Simu ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena, nikakuta imezimwa.

Vijana walipotuona tumesimama nje wakaja mbio langoni. Kapteni wao akamwambia soja, "Boss, fungua. Huyu ni guka."

"Namjua. Supu yake nimekunywa. Lakini nikifungua, kesho mimi sina kazi."

Soja sikumlaumu. Nilimwita dereva wangu nikamwambia arudishe lori kinyumenyume, tufunge kamba kwa mnyororo, tuvute. Sikuwa natisha mtu. Ningelivuta lango lile mpaka Olenguruone.

Mjane ndiye alinizuia. Alishuka kwenye gari la maiti akaja polepole, leso kichwani.

"Baba, hapana. Mume wangu hataingia pale kwa kuvunja."

"Mama, si aliomba?"

"Najua aliomba. Nilikuwa hapo." Akashika chuma cha lango, akatazama ndani kwa muda. Halafu akasema, "Twende. Mvua ya Mau ikitukuta njiani tutakwama."

Tukageuza. Vijana wakaruka ukuta mmoja baada ya mwingine, wakapanda lori langu na jezi zao. Njia nzima hawakuimba.

Olenguruone tulizika vizuri. Mchungaji aliomba, jeneza likateremshwa, vijana wakaanza kufukia. Hapo ndipo gari la chuo likaingia bomani, likapita katikati ya watu kama la harusi. Prinsipali akashuka na shada kubwa la maua, viatu vinang'aa. Akanijia moja kwa moja, kwa sababu maiki ilikuwa mkononi mwangu.

"Mzee, nipe dakika chache. Nina tangazo. Tunaanzisha kombe kwa jina lake."

"Hapana."

Mchungaji akaninong'oneza, "Mzee, tusiaibishane mbele ya kaburi."

Prinsipali naye akasema, "Asubuhi kulikuwa na shida ya mawasiliano."

Maiki haikuwa imezimwa, na mimi sikuizima. "Mawasiliano gani? Simu ilikufa ama uliiua?"

Yeye akatazama maua yake. Ndipo mjane akainuka kitini, akachukua sepetu mikononi mwa kapteni, akampelekea.

"Mwalimu, maneno tumemaliza. Udongo bado."

Akaipokea. Angefanya nini? Akatupa udongo kidogo, vile wakubwa hufanya ili wapigwe picha, halafu akamnyooshea kapteni ile sepetu. Kapteni akakunja mikono.

"Bado, sir."

Akaendelea. Tai akaitupa begani, viatu vikazama kwenye tope, jasho likamtoka kwenye baridi ile. Hakuna aliyempokea mpaka kaburi likapanda likawa tuta. Wengine walimhurumia. Mimi sikumhurumia, na sidhani nitaanza.

Baadaye vijana walifanya jambo lao. Mchezo wa kwanza baada ya mazishi, walichukua ile kengele wakazunguka nayo uwanja wote, wanapokezana, wanaitikisa. Watu walilia. Prinsipali alipiga makofi akiwa kivulini. Kapteni akanijia anahema.

"Mzee, sasa guka amepita."

Nikamwambia hajapita. Aliyepita ni kengele. Yeye aliomba apite mwenyewe, mara moja, na kulikuwa na siku moja tu ya kufanya hivyo, na siku hiyo walikuwa wamevalisha viti riboni. Kijana alifuta uso kwa jezi. "Ni kweli, mzee," akasema. Kisha akanipa kengele, mjane alikuwa amesema iwe yangu.

Kombe lilianzishwa. Nilialikwa nikae hemani na wakubwa, nikaenda kukalia debe. Mchezo bado siuelewi.

Kengele nimeitundika langoni kwangu, upande wa barabara. Prinsipali hawezi kwenda kazini bila kupita hapo. Gari lake likitokea, naitikisa. Mke wangu anasema ni utoto. Sawa, ni utoto. Jana prinsipali alishusha kioo akaniuliza, "Mzee, mpaka lini?"

Nikaitikisa tena.