Majani ya Kwenye Ufa

Mlima Nyiragongo ulipotapika moto, mimi nilitangulia na watoto. Mume wangu alikuwa mgonjwa, miguu haimbebi. Mdogo wake alikuwa na pikipiki. Akasema, "Napeleka kwanza televizyo, narudi kumuchukua mukubwa." Hakurudi. Ninalisema mbele ya yeyote: aliyemuua ni yeye. Na chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, aliyemsaidia kuuza parsele yetu, kiwanja kikiwa chini ya moto ulioganda kuwa jiwe, naye pia.

Mimi nilitaka kitu kimoja: kujua marehemu amelala wapi, kabla mnunuzi hajaleta wavunja mawe kusawazisha kiwanja.

Ndipo akaja mwalimu wa chuo kutafuta mimea midogo juu ya jiwe lile, nikambebea mfuko. Nilimwambia, "Papa, hii ni uchafu tu." Akanipa kioo chake cha kukuzia. Nikaona kijishina chenye majani mistari miwili, na chini yake mstari wa tatu, vijani vidogo kama kucha za mtoto. Kwenye mmea mwingine ule mstari wa tatu umepotea. Mwingine ulikuwa mweusi, mkavu, majani yamejikunja vifuko. Akaudondoshea maji, ukafunguka kama mtu anayeamshwa. Ndani ya kifuko kijidudu kikatikisika. Wa mwisho hauna jani, umelala bapa kama ulimi.

"Zote ni ukoo moja, mama. Hii ya bapa, bibi yake alikuwa na majani."

"Sasa unajuaje ni ndugu?"

"Sura inadanganya. Tunaangalia ndani."

"Shemeji yangu naye anafanana na marehemu sana."

Yeye alikuwa ameinamia ufa katika jiwe. "Hii haivumilii jua. Inafanya nini hapa kwenye ukavu?" Akaweka kiganja, nami nikaweka. Ilitoka pumzi ya uvuguvugu, yenye unyevu. "Chini ni tupu. Palikuwa na nini?"

Palikuwa na citerne yetu, tangi la maji ya mvua. Kutoka pale hadi chumba alicholala marehemu ni hatua nane. Nikazitembea. Hatua ya nane joto likapenya kwenye kandambili zangu, nikajua nimesimama juu yake.

Nikaenda kwa chef azuie kuvunjwa; akaniambia majani si document. Shemeji akaja na wavunja mawe wa mnunuzi, nikawakuta, nikakaa pale pale kwenye hatua ya nane.

"Mama, toka, tunaanzia hapo," akasema mkubwa wao, mzee mmoja.

"Muulize huyu alimuacha nani hapa."

Akamuuliza. Shemeji akatazama ufa, akarudi nyuma hatua moja. Yule mzee akachukua nyundo yake, akaenda kuanzia upande wa barabara.

Wanavunja mpaka leo. Kila siku wanasogea kidogo. Nami asubuhi nafika kabla yao.